Usinitafutie Mjapani, Nitafutie Mwalimu

Kila mwanafunzi kutoka kwetu anayefika Japani hupewa ushauri mmoja kabla hata hajafungua sanduku: "Ukitaka kujua Kijapani, tafuta Mjapani akufundishe." Wanaoutoa ni watu wema. Ni wenyeji wetu, wahadhiri, wanafunzi waliotutangulia, hata mama zetu kwenye simu. Lakini ni ushauri mbovu. Umewalia wenzangu pesa na muda, na umewafanya vijana wenye akili timamu waamini kwamba hawana kipaji cha lugha. Kibaya zaidi, ndani yake mna dharau ambayo sisi, kuliko watu wengi duniani, tulipaswa kuinusa tangu mlangoni.

Nasoma shahada ya uzamili Osaka, mwaka wa pili. Programu yetu inafundishwa kwa Kiingereza, na ndiyo iliyotuleta wengi wetu: unakuja na shahada yako ya kwanza, unapewa ufadhili, unaandika tasnifu kwa Kiingereza, unarudi nyumbani. Kwenye karatasi, Kijapani hakihitajiki. Ila utafiti wangu unahusu jinsi wakulima wa mpunga wanavyogawana maji ya mifereji, na mzee wa miaka sabini na tano anayefungua lango la mfereji alfajiri hana sababu yoyote ya kujua Kiingereza. Ana maneno yake. Hata maji yenyewe si neno moja: yakiwa baridi ni mizu, yakipashwa moto yanakuwa yu, jina jingine kabisa. Nikitaka kujua nani anafungua lango kwanza wakati wa kiangazi, na jirani akiiba maji usiku nani anaamua kesi, lazima nimuulize mzee huyo kwa lugha yake. Kwa hiyo nilihitaji mwalimu wa tuisheni. Wa kupiga naye soga ningempata bure.

Soko la walimu hawa liko hivi. Kuna tovuti ambako walimu hujipanga kama bidhaa dukani, kila mmoja na picha, nyota na bei ya saa moja. Kuna matangazo yanayobandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na kumbi za wanafunzi. Kuna madarasa ya kujitolea yanayoendeshwa na vyama vya urafiki wa kimataifa vya miji, ambako wastaafu na akina mama hukaa na wageni jioni bure au kwa ada ndogo sana. Halafu kuna mwalimu wa mkahawani: mnakutana karibu na stesheni, unalipia saa yake, na mara nyingi unalipia kahawa yake na nauli yake ya treni pia.

Katika soko hilo lote, neno linaloamua bei ni moja: mzawa. Ujuzi wa kufundisha hauna uzito huo, wala miaka ya kazi, wala idadi ya wanafunzi waliofika walikotaka. Kwenye tovuti niliyotumia, mzawa asiye na siku moja ya mafunzo ya ualimu alijipangia yeni 3,000 kwa saa na akapata wateja. Mgeni mwenye cheti cha N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa Kijapani, aliyefundisha kwa miaka sita, alikuwa ukurasa wa nne kwa yeni 1,500. Ukichuja orodha, kitufe cha kwanza kinauliza kama unataka mzawa. Hakuna kitufe kinachouliza kama unataka mtu anayejua kufundisha.

Nilifanya masomo ya majaribio na walimu watano. Watatu kati yao, wote wazawa wasio na mafunzo, walianza na swali lilelile: "Leo ungependa tufanye nini?" Tafakari hilo swali. Umekwenda kwa fundi cherehani na kitambaa chako, naye anakuuliza umkatie vipi. Kama ningejua tunapaswa kufanya nini, nisingemtafuta.

Mmoja wao, kijana mpole kweli, nilimuuliza jambo linalomsumbua kila anayeanza Kijapani: tofauti ya vijineno wa na ga. Kwa nini "nani amekuja?" ni dare ga kimashita ka, na kamwe si dare wa? Alifikiri. Akaitamka sentensi mara mbili taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema, "Nantonaku." Ni neno zuri. Maana yake ni kama "basi tu", "nahisi hivyo, sijui kwa nini". Ni jibu la kweli, na mzungumzaji mzawa wa lugha yoyote angelitoa. Lakini jibu hilo si la kulipiwa yeni 3,000.

Yule wa ukurasa wa nne ni dada wa Kimombasa anayefanya kazi ya ofisi hapa Osaka na kufundisha jioni. Nilimuuliza swali lilelile.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wa inatangaza mada. Unamwambia msikilizaji: jambo letu ni hili, sasa sikiliza nasema nini juu yake. Unapouliza nani amekuja, huyo mtu bado humjui. Utamfanyaje mada mtu usiyemjua?"

Nikamwambia nimeelewa kidogo.

"Hujaelewa, unanionea haya tu. Haya, wewe mtoto wa Tanga, unasemaje kama kitabu umeshakisoma na mtu anakuonyesha hicho kitabu?"

"Kitabu hiki nimekisoma."

"Mbona hukusema 'nimesoma kitabu hiki'?"

"Kwa sababu kitabu ndicho tunachozungumzia."

"Basi hiyo ndiyo wa. Kono hon wa yomimashita. Ulikuwa nayo mdomoni tangu utotoni."

Nimesoma vitabu viwili vya sarufi ya Kijapani vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na vyote vinahangaika na wa kwa kurasa nyingi, kwa sababu Kiingereza hakina desturi hiyo ya kuitanguliza mada na kuiachia kitenzi alama yake. Kiswahili kinayo. Mwaka 1960 mwanaisimu Mikami Akira aliandika kitabu kizima ambacho jina lake ni sentensi moja, Zō wa hana ga nagai. Wanaojifunza Kijapani kupitia Kiingereza huitolea jasho sentensi hiyo, kwa sababu inaonekana kama ina vichwa viwili. Kwa Kiswahili ni jambo la kila siku: tembo, pua yake ndefu. Mtoto wa darasa la pili anaisema bila kujua amefanya lolote la ajabu.

Dada yule aliendelea hivyo jioni baada ya jioni. Kijapani kina maneno maalumu ya kuhesabia: vitu virefu vyembamba vina lake, vitu bapa lake, vitabu lake, wanyama wadogo lake, wanyama wakubwa lake. Wanafunzi wa Kizungu hulia. Yeye alicheka tu: "Sisi tunasema viti vitatu, miti mitatu, mayai matatu, watu watatu. Unaogopa nini?" Ngeli na maneno ya kuhesabia si kitu kimoja, na alinionyesha yanapoachana, lakini alikuwa ameshaniondolea woga. Tukaja kwenye maneno ya kukopa. Kijapani, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti ining'inie bila irabu mwisho wa neno, hivyo shirt ya Mwingereza ikawa shatsu kwao na shati kwetu, hotel ikawa hoteru na hoteli, club ikawa kurabu na kilabu. Irabu zao ni tano, zetu ni tano. Kuna kitabu gani cha kiada kilichowahi kukuambia kwamba wewe, Mswahili, umeanza safari hii ukiwa umeshavuka mto wa kwanza?

Hata pale lugha zetu zinapotengana alijua mpaka uko wapi. Lugha ya heshima, keigo, aliianzia kwenye shikamoo, kisha akanionya: "Usiifuate shikamoo mpaka mwisho, itakupoteza. Kwetu mkubwa ni mkubwa popote. Kwao inategemea unazungumza na nani. Ukimwambia mteja wa nje kwamba bosi wako hayupo, bosi wako unamtaja jina kavu, Tanaka, bila san, na kwa kitenzi cha kujishusha, kwa sababu mbele ya mgeni bosi ni mtu wa nyumbani mwako." Mjapani anafanya hivyo vizuri kuliko yeye. Lakini si kila Mjapani angejua kwamba mimi, kwa malezi yangu, ningekosea hapo hasa. Yeye alijua kwa sababu alipita njia hiyohiyo akitokea kwenye lugha hiyohiyo.

Hoja yangu ni hiyo. Mzawa ameishi ndani ya nyumba tangu azaliwe, na hakumbuki mlango uko wapi kwa sababu hakuwahi kuingia. Aliyekuja kutoka nje anaukumbuka mlango, ngazi, na kizingiti alichojikwaa. Ukiwa nje unataka kuingia, utamuuliza nani?

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimezisikia zote.

La kwanza ni sikio. Mgeni ana lafudhi, wanasema, atakuambukiza. Sawa, matamshi ni jambo la kweli, na katika Kijapani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Hashi ni vijiti vya kulia na hashi ni daraja, tofauti ni wapi sauti inapanda. Lakini basi niambie: mzawa wa wapi? Mtu wa Tokyo huanzia juu akitaja vijiti, na hupanda mwishoni akitaja daraja. Mtu wa Osaka hufanya kinyume. Wote ni wazawa. Vitabu vya kiada vinafuata Tokyo, na wapo wazawa wa Osaka ambao, wakikufundisha kwa sikio lao tu, watakufundisha kisichomo kitabuni. "Mzawa" si kipimo kimoja hata ndani ya Japani, kama ambavyo si kipimo kimoja kwetu: mzawa wa Lamu, wa Unguja, wa Lubumbashi na wa Nairobi wakikaa meza moja, kila mmoja ana Kiswahili chake. Na kwa kulizoeza sikio, Osaka nzima inazungumza bure, kwenye treni, sokoni, kwenye redio. NHK World inatangaza kwa Kiswahili na ina masomo ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili na sauti za Wajapani wenyewe. Sikio halihitaji yeni 3,000 kwa saa.

La pili ni utamaduni. Wanasema lugha ni roho ya watu, mgeni hawezi kuifikia. Yang Yi alizaliwa China, akajifunza Kijapani ukubwani, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Akutagawa, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za fasihi ya Kijapani. Mwaka 2021 tuzo hiyohiyo ikaenda kwa Li Kotomi, aliyezaliwa Taiwan. Majaji wa Kijapani hawakusema roho haifikiki.

Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963 kwa tafsiri yake ya Julius Caesar, alilelewa katika Kizanaki. Euphrase Kezilahabi, ambaye bila yeye riwaya ya Kiswahili ya leo ingekuwa kitu kingine, alizaliwa Ukerewe na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Walimu wengi waliotufundisha Kiswahili shuleni Tanzania walikulia katika Kisukuma, Kihaya, Kichaga, Kihehe. Tungekuwa na sheria ya uzawa, madarasa yetu yangefungwa kesho asubuhi. Kiswahili kimekuwa kikubwa kwa sababu waliojifunza waliruhusiwa kufundisha.

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Rafiki yangu Mkenya, anayesoma uzamivu, amefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Anaandika Kiingereza kinachonifanya nione haya kuandika changu. Aliomba kazi ya muda ya kufundisha Kiingereza jioni katika shule moja ya lugha. Tangazo liliorodhesha nchi ambazo mwombaji lazima azaliwe, na ya kwake haikuwemo. Hakuitwa hata kwenye usaili. Kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka mojawapo ya nchi zile, mwenye shahada ya masoko na asiyewahi kushika chaki, angepokelewa. Tulikaa jikoni kwenye bweni letu usiku ule tukilaani ubaguzi huo kwa lugha tatu. Ilikuwa haki yetu kuulaani.

Lakini wiki hiyohiyo, katika kundi letu la simu la wanafunzi wa Afrika Mashariki, mtu aliuliza kuhusu mwalimu wa Kijapani. Jina la dada wa Mombasa likatajwa. Jibu la kwanza lililorudi lilikuwa, "Ah, si Mjapani? Bora nitafute Mjapani tu." Hakuna aliyepinga, watu wakaweka alama za kukubali. Ukuta tunaogongea vichwa vyetu mchana, usiku tunabeba matofali kuuongezea kimo. Dada yule ameniambia ujumbe anaoupokea mara nyingi kuliko wowote ni swali la maneno manne: "Je, wewe ni Mjapani?" Akijibu hapana, mwulizaji anatoweka. Na wengi wa wanaotoweka hivyo, alisema bila uchungu wowote, wana majina kama ya kwetu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Mjapani asifundishe Kijapani. Mjapani aliyesomea ualimu wa lugha ni hazina, na mwalimu wa tano niliyemjaribu alikuwa mmoja wao: alikuwa na mpango wa somo, alijua wanafunzi hukosea wapi na kwa nini, na neno nantonaku halikutoka kinywani mwake. Alikuwa ghali kuliko wote, na alistahili kila yeni. Wala sisemi neno baya juu ya wastaafu wanaotoa jioni zao katika madarasa ya kujitolea. Wanatoa muda wao na wanauita kwa jina lake, kujitolea. Ugomvi wangu ni na soko linalouza kuzaliwa kana kwamba ni taaluma.

Na Japani yenyewe imeshalielewa jambo hili kuliko sisi tunaoishabikia. Mwaka 2023 bunge lao lilipitisha sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024, inayoweka sifa ya kitaifa ya mwalimu wa Kijapani aliyesajiliwa. Kuna mtihani na kuna mafunzo ya vitendo. Mtu haipati sifa hiyo kwa sababu alizaliwa Kyoto, na sharti la uraia halimo. Sheria hiyo inahusu shule zilizoidhinishwa, si tuisheni ya mkahawani. Lakini ujumbe wake uko wazi: kuizungumza lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jambo jingine. Wenye lugha wameliandika katika sheria, nasi bado tunauliza pasipoti.

Hata hicho cheti cha N1 nisikipambe kupita kiasi. Mtihani wake ni wa kuchagua majibu, hauna hata dakika moja ya kuzungumza, na mtu anaweza kuwa nacho asiweze kufundisha hata salamu. Kwa hiyo nisikuhamishe kutoka kuabudu pasipoti nikakupeleka kuabudu karatasi. Mpime mwalimu kwa kazi yake. Katika saa ya majaribio, muulize mambo matatu. Kwanza, atakufundisha nini miezi mitatu ijayo na kwa mpangilio gani? Asiye na jibu hana somo. Pili, mpe kosa lako mwenyewe, sentensi uliyokosea kweli, akueleze kwa nini umekosea. Kukusahihisha hakutoshi. Tatu, muulize wanaotoka kwenye lugha yako huteleza wapi. Mzawa mwenye mafunzo atajibu, au atasema wazi kwamba lugha yako haijui lakini atachunguza. Mgeni aliyepita njia hiyo atacheka kwanza, kisha atakuhesabia. Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo matatu, mshukuru, lipa kahawa yake, uende zako, awe amezaliwa Ginza au Gongo la Mboto.

Ukishampata anayeweza, mlipe anachostahili. Usimwombe punguzo kwa sababu ni "wa nyumbani". Undugu wa kupunguziana bei huku tukiwalipa wengine bei kamili bila kukohoa ni dharau ileile imevaa kanzu. Andika jina lake kwenye kundi lenu la simu, na mtu akijibu kwamba bora Mjapani, usiweke alama ya kukubali. Muulize bora kwa lipi, na umngoje ajibu.